Winga wa Kulia Agombea Udiwani

Jumatatu, 10 Novemba 1997. Suna.

Leo nimechukua fomu. Nagombea udiwani.

Mchujo wa chama ni Jumamosi tarehe 22, uwanja wa shule ya msingi, kwa mlolongo. Kila mtu anasimama nyuma ya mgombea wake, watu wanahesabiwa vichwa, kwisha. Atakayepita hapo ndiye diwani, maana huku kwetu chama ni kimoja tu. Hivyo vingine tunavisikia redioni.

Nikijiita Cephas, wachache watanijua. Nikijiita Umeme, winga wa kulia wa Viwanda FC ya Nairobi, mtu mzima yeyote ataacha anachofanya. Angalau atageuka. Karani wa chama hakugeuka. Aliniuliza jina la baba linaandikwaje. Kijana tu, mwaka 1986 alikuwa bado darasa la pili. Nimemsamehe.

Phelesia, mke wangu, sijamwambia. Yuko kwenye kisiagi anasagia watu unga. Nasubiri saa nzuri.

Jumanne, 11 Novemba

Saa nzuri haikufika. Habari ilifika kwanza. Mama mmoja kwenye foleni ya unga alimpongeza Phelesia kwa kuwa mke wa mheshimiwa.

Hakupiga kelele. Alizima injini. Kisiagi kikinyamaza mchana, Suna nzima inajua kuna mtu ana shida, na mtu huyo kwa kawaida ni mimi.

Alinikumbusha polepole, kama anayehesabu magunia. Mashua yangu ya Sindo, iliyofungwa na magugu ya ziwa ufuoni mpaka mbao zikaoza. Hoteli yangu ya Homa Bay niliyoiita Penalti, ambako wachezaji wenzangu wote wa zamani walikula wakashiba wakaondoka. Kisiagi ndicho kilichobaki, na kilibaki kwa sababu alikinunua kabla mimi sijapata wazo. Ndicho kinachomsomesha Levis, mtoto wetu.

Kisha akasema hivi: "Baba Levis, gombea. Lakini hii ni ya mwisho. Ukishindwa unavaa ovaroli, unakuja kujifunza injini, na sitaki kusikia mpango mwingine. Na kisiagi changu usikiguse."

Nimeapa kwa Biblia ya mama yake, ile kubwa.

Kusema kweli naogopa. Nina miaka thelathini na tisa na goti moja zima. Watu wakinitambulisha siku hizi wanaanza na neno "zamani". Nataka mara moja tu tena waseme "sasa".

Jumamosi, 15 Novemba

Wagombea tuko watatu. Mimi. Stanley mwenye duka la mabati, aliyekuwa beki wa timu moja ya Kisumu. Na Bathsheba, mjane anayeleta omena, dagaa wa ziwani, kutoka Sindo na kuuza hapa sokoni.

Bathsheba simhesabu. Adui ni Stanley. Mwaka 1986, nusu fainali, alinikanyaga kifundo dakika tisini nzima na refa hakuona hata moja. Nilifunga bao hata hivyo. Mpaka leo akinisalimia anaangalia mguu wangu, haangalii uso.

Leo tulikuwa mazishini. Huku mgombea asiyeonekana matangani hayupo duniani. Nilipewa dakika tano. Nikatoa pole. Nikasema marehemu alipenda mpira. Hapo ikabidi nieleze lile bao, na bao lile huwezi kulieleza bila kuanzia kwa golikipa. Nilipofika mstari wa kati, mvua ya El Niño ikaanza. Mchungaji akanigusa bega. Nikamwambia zimebaki pasi mbili tu. Akaanzisha wimbo.

Stanley alisema maneno mawili na kutoa mabati kumi. Walimpigia makofi. Kwa mabati hata mimi ningepigiwa.

Bathsheba hakuomba hata nafasi ya kusema. Alikuwa nyuma na wanawake anaosha sufuria mpaka jioni, leso imelowa. Siasa haijui kabisa. Nilimhurumia.

Njiani nilimuuliza Chrispine hotuba ilikuwaje. Chrispine alikuwa golikipa wetu Viwanda, sasa anauza mitumba, na ndiye meneja wangu wa kampeni. Alisema ilikuwa nzuri hadi pale ilipofika.

Jumatatu, 17 Novemba

Kikao cha kampeni, mimi na Chrispine, nyuma ya mitumba yake. Tulijiuliza wananchi wanataka nini. Barabara? Zote zimekatika kwa mvua, atakayeahidi barabara atachekwa. Maji? Maji yapo mpaka vitandani.

Unga, alisema Chrispine.

Nikamsogelea sikioni. Wazo kubwa halipigiwi kelele.

Kesho Phelesia anakwenda Homa Bay kumwona Levis shuleni, atalala huko kwa dada yake. Kesho kutwa ndio anarudi. Katikati kuna siku moja nzima na kisiagi kimoja kizima. Umeme atawasagia wananchi bure. Niliapa kutokigusa na sitakigusa. Atakayewasha ni Mzee Matiko, mlinzi wetu.

Mzee Matiko ni Mkuria wa Kegonga, amekaa hapa miaka mingi, mguu wake mmoja haukunjiki. Nilimweleza. Akaniuliza kama Mama Levis anajua. Nikamwambia atajua. Akasema hilo hana shaka nalo.

Jumanne, 18 Novemba

Walikuja. Walikuja na madebe, na magunia, na baiskeli, na punda. Mama yake Stanley alikuja na magunia matatu, akanibariki kwa jina la Yesu. Saa tano asubuhi foleni ya mikebe ilikuwa imevuka barabara.

Nimekaa na kisiagi miaka sita na sikuwahi kuangalia foleni yake. Hawa wanawake hawasimami. Mwanamke anaweka debe lake chini, anakwenda zake sokoni, ananyonyesha, anauza nyanya. Debe linamshikia nafasi. Foleni ikisogea, aliye karibu anasukuma debe la mwenzake kwa mguu. Hakuna anayeruka zamu, hakuna anayegombana. Nilisimama nikaangalia kwa muda. Nidhamu kama hii kocha wetu alikufa akiitafuta.

Saa saba injini ilianza kutoa harufu. Mzee Matiko alisema tuizime ipumzike. Nikamwambia wananchi hawapumziki. Saa saba na nusu mkanda ulikatika, ukapita juu ya kichwa changu, ukajifunga kwenye nguzo. Baadaye injini nayo ikakohoa na kukaa kimya.

Wale wa bure wakachukua mahindi yao wakaondoka, na baraka zao. Waliobaki ni wateja wa kila siku, wanawake ambao watoto wao wangelala bila ugali. Bathsheba alitokea na mkokoteni wake wa omena. Akapakia madebe yao yote, akausukuma mwenyewe kwenye matope hadi kisiagi cha ng'ambo ya daraja, akarudi nayo jioni, kila mtu na unga wake.

Nikamshukuru kwa kuisaidia kampeni yangu. Akaniambia nimsalimie Phelesia.

Jumatano, 19 Novemba

Phelesia amerudi. Alifungua mlango wa kisiagi, akanusa, akafunga.

Nilisema sikukigusa. Alisema ameshasikia.

Akabadilisha nguo, akaenda Migori mjini na mabuti yake kutafuta mkanda. Akarudi na fundi. Mchana wote alikuwa chini ya injini anamshikia fundi tochi. Nilijitolea kushika tochi. Alisema tochi ameshashika.

Jioni alinipa chai isiyo na sukari. Nikainywa yote. Ilikuwa haki yangu.

Naona aibu, naiandika hapa kwa kuwa kwingine siwezi kuisema. Siyo aibu ya kushindwa, hiyo nimeizoea uwanjani. Niliona mikono yake ilivyojaa oili na yeye hajaninung'unikia hata neno moja. Nikishinda Jumamosi nitamlipa kwa heshima. Ndiyo njia pekee ninayoiona. Lazima nishinde.

Alhamisi, 20 Novemba

Kinyozi ameniambia Stanley alikaa kwenye kiti chake leo na kusema mbele ya watu sita kwamba mwaka 1986 aliniweka mfukoni.

Mfukoni! Na bao nililifunga nikiwa wapi?

Nilikwenda dukani kwake. Nikamwambia tutamaliza uwanjani. Jumamosi, baada ya mlolongo, uwanja ule ule wa shule, upande wa pili. Mashujaa wangu wa zamani dhidi ya mashujaa wake. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Nilimwona akikunja vidole vya miguu ndani ya viatu.

Kisha nikaenda posta, nikapiga simu Homa Bay. Wachezaji saba wa zamani watakuja, wale wale waliokula kwenye Penalti. Sharti lao ni moja, mpira uanze saa tisa kamili, maana barabara ni mbovu na wanataka kurudi kabla ya giza. Nikakubali. Msimamizi wa chama anafika saa nne asubuhi. Saa sita tutakuwa tumehesabiwa. Muda tunao mpaka wa kulala.

Chrispine ametangaza mechi soko zima kwa kipaza sauti. Watu waliacha kununua. Hili ndilo lilikuwa linakosekana kwenye kampeni. Nimewaambia, asimamaye nyuma ya Umeme ndiye atakayekaa mbele kwenye mechi.

Jumamosi, 22 Novemba. Saa sita mchana.

Naandika nikiwa nimeegemea ukuta wa darasa la nne.

Mlolongo wangu nimeuhesabu mara mbili. Mia tatu na kumi na mbili! Umepita choo cha walimu, umegeuka kona. Wa Stanley ni kama mia mbili na hamsini. Wa Bathsheba mia na arobaini hivi, wengi wanawake wa foleni ya unga, wamekaa chini juu ya mikebe yao wanasuka na kuongea.

Phelesia amekuja. Sikutarajia. Hajazungumza nami tangu Jumatano isipokuwa mambo ya chumvi na funguo. Alikuja na leso yake ya kijani, akasimama wa kwanza kabisa kwenye mlolongo wangu, uso mbele. Nilitaka kusema kitu. Akasema nirekebishe kola.

Tatizo ni moja dogo. Msimamizi hajafika. Wanasema gari lake limekwama matopeni.

Jumamosi hiyo hiyo. Usiku umeanza.

Nitaandika kwa utaratibu ili nielewe mwenyewe.

Saa nane na nusu msimamizi alifika, matope mpaka kwenye tai. Akasema anaanza na orodha, kisha kadi, kuhesabu vichwa ni saa kumi. Wakati huo wenzangu wa Homa Bay walikuwa wameshavaa bukta. Wakaniambia saa tisa ni saa tisa, la sivyo wanapanda gari. Stanley naye alikuwa upande wa pili anaruka ruka, anawaambia watu wangu kwamba Umeme anajificha nyuma ya mlolongo.

Watu wangu nao walianza kuchungulia uwanjani. Wapenzi wa mpira ndivyo walivyo, ndiyo maana walikuwa wangu.

Hapo nikakumbuka foleni ya kisiagi.

Nikapanda juu ya kiti. Nikawaambia kila mmoja aweke kitu chake chini mahali aliposimama, kandambili, kofia, mkebe, jiwe, chochote, kishike nafasi kama debe la unga linavyoshika. Waende wakaone kipindi cha kwanza, mapumziko warudi. Nilipigiwa makofi kuliko mabati yote ya Stanley. Kwa dakika moja mlolongo wa watu mia tatu ukawa mlolongo wa kandambili mia tatu, umenyooka vizuri sana. Stanley alipoona, akawaambia wake wafanye vivyo hivyo. Ninaandika hili ili ijulikane aliniiga.

Picha yangu ya kampeni iliyokuwa juu ya mti, ambayo Chrispine alikuwa ameishika mbele ya mlolongo, nilimpa Phelesia aishike, maana yeye alikuwa anakwenda golini. Nikamwambia dakika arobaini na tano tu. Aliipokea.

Mpira ulianza. Siwezi kudanganya shajara yangu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu 1986. Goti halikuuma. Dakika ya thelathini mvua ilikuja, matope yakawa kama uji, nikapata mpira kulia. Stanley akaja na kifundo changu machoni. Nikausimamisha mpira, akapita akiteleza tumbo mpaka kwenye bendera ya kona. Nikafunga. Uwanja mzima uliita Umeme, wazee na watoto na watu wa Stanley mwenyewe. Nilibebwa.

Wakati nimebebwa juu nikaona upande wa pili mtu wa tai akitembea na karatasi.

Msimamizi alikuwa ameiona mvua ikija, akaamua kuhesabu saa tisa na nusu. Mzee Matiko alimwonyesha kandambili zangu. Akajibu kwamba chama kinahesabu vichwa, hakihesabu viatu.

Bathsheba, mia moja na arobaini na moja. Wanawake wake walivaa magunia kichwani wakakaa pale pale.

Stanley, wanne.

Mimi, wawili. Mzee Matiko, kwa sababu mguu wake haukuweza kufika uwanjani. Na Phelesia.

Nilimkuta amesimama vile vile, mvua inamshukia, leso ameivua kichwani ameifunika picha yangu isilowe. Mbele yake hakuna mtu, nyuma yake Mzee Matiko, na nyuma ya Mzee Matiko kandambili tu zinaelea. Aliniuliza kama nimefunga. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri, akanirudishia picha.

Nimelia nikiwa naosha matope, ili isijulikane.

Jumapili, 23 Novemba

Kanisani hakuna aliyenitania. Hilo ni baya kuliko kutaniwa.

Baada ya chakula nilimuuliza Phelesia kwa nini alibaki amesimama. Kisiagi nilikivunja, kiapo nilikizunguka, na tangu mwanzo hakutaka. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua macho. Alisema aliona watu wote wameondoka, na hangekubali mume wake asomewe sufuri mbele ya watu.

Nilichukua kisu nikasaidia mboga. Nimekata vibaya, amezipika hivyo hivyo.

Jumatano, 26 Novemba

Ovaroli imenipata. Ni ya fundi, fupi kwenye mikono.

Nimejifunza kuwasha injini, kukaza mkanda, na kutoweka kidole. Mzee Matiko ananifundisha kwa ukali ambao hakuwa nao nilipokuwa mgombea. Stanley amekuja kusagisha mahindi, yeye mwenyewe, na michubuko kidevuni. Tulizungumza habari za magoti. Alikubali kwamba lile la Jumamosi lilikuwa bao. La 1986 bado anasema ni ofsaidi.

Bathsheba alipita kutusalimia. Diwani mtarajiwa, na bado ananuka omena. Alikaa na Phelesia juu ya gunia, wakacheka mambo yao kwa saa nzima. Nilimpa hongera na ilikuwa ya kweli. Wanawake wote kwenye foleni wananiita Baba Unga. Silipendi na sijalikataza.

Siasa nimeacha. Nimeiandika hapa na kuweka sahihi. Cephas.

Jumatatu, 1 Desemba

Siku nzuri. Mvua imepungua, foleni ndefu, injini inaimba.

Nilikuwa nimesimama mlangoni nikimwangalia Phelesia akiwahudumia watu. Mama mmoja alikuwa na kesi na jirani yake, Phelesia akaiamua huku anapima unga. Mwingine aliuliza habari za ada ya shule, akajibiwa. Hakuna aliyebisha. Suna nzima imesikia kuhusu yule mwanamke aliyesimama mchana kutwa, na mvua juu yake, na picha ya mume mkononi. Wanalisimulia hilo kuliko bao langu.

Uchaguzi wa mwenyekiti wa soko ni mwezi wa pili.

Mimi niliapa kutogombea, na sigombei. Kiapo changu hakikusema chochote kuhusu mtu mwingine wa nyumba hii. Chrispine amekubali kuwa meneja. Mzee Matiko amekataa, kisha akakubali kupendekeza jina. Wenzangu wa Homa Bay wameahidi fulana. Picha nimeshapeleka kwa mchoraji, ile ya harusi, mimi nimekatwa. Leo asubuhi wanawake watatu wamemwita Mama Mwenyekiti na yeye akacheka, anafikiri wanatania.

Imebaki kumwambia mwenyewe. Nitamwambia kesho. Leo nimemchemshia maji ya chumvi, maana miguu yake bado inauma kwa kusimama.